Nilivyokosea kuomba barua za mapendekezo, na nilivyorudi kuziomba upya

Barua ya kwanza ya mapendekezo niliyowahi kutuma Ulaya niliiandika mwenyewe. Niliiandika usiku kwenye kompyuta ya ofisini, Dodoma, kisha nikapanda basi hadi Dar es Salaam kuitafutia saini. Ya pili niliiandika usiku huohuo. Nikakosa ufadhili wa masomo. Mwaka uliofuata niliomba tena, kozi ileile, kwa cheti kilekile, na safari hiyo nikapata. Siwezi kuapa kwamba ni barua peke yake zilizonivusha, maana nilikuwa nimeongeza mwaka mmoja kazini na barua yangu ya nia ilikuwa imekomaa. Lakini nikizisoma leo zile za mwaka wa kwanza, naona zingeweza kuwa za mtu yeyote. Za mwaka wa pili zilikuwa zangu.

Kila ikifika Agosti vijana huniuliza kuhusu jambo hili, na wengi huwa wameshaambiwa watafute profesa mwenye jina. Mimi nilimtafuta, nikampata, na haikunisaidia.

Nilimaliza shahada ya kwanza mwaka 2018 nikiwa na GPA ya 3.8, daraja la pili la juu kwa mfumo wetu wa alama tano. Si matokeo mabaya, ila kwenye rundo la waombaji wenye 4.5 unahitaji mtu wa kukusemea jambo ambalo transkripti haiwezi kulisema. Nilipata kazi kwenye mradi wa maji vijijini, na mwaka 2021, nikiwa nimeshapita miaka miwili kazini, nikaanza kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, kwa uzamili wa usimamizi wa rasilimali za maji, Ujerumani. Ufadhili wao kwa watu wa nchi zetu hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Kozi niliyoitaka iliomba barua mbili: moja kutoka chuoni, nyingine kwa mwajiri, zote kwenye karatasi yenye nembo, zenye saini, muhuri na tarehe ya karibuni.

Nilizichukulia barua hizo kama nilivyochukulia nakala za vyeti za kugongesha muhuri kwa wakili. Karatasi inatakiwa, tafuta karatasi. Hapo ndipo makosa yote yalipoanzia.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua maneno. Nilimpigia rafiki yangu aliyebaki Dar, nikamwomba apitie ofisi ya usajili aniulizie "barua kutoka chuoni". Akaletewa barua ya utambulisho: jina langu, namba ya usajili, mwaka niliojiunga, mwaka niliomaliza, na sentensi moja kwamba sikuwa na kosa la kinidhamu. Ni barua ileile tuliyokuwa tukipewa kwenda fildi. Niliilipia, nikatumiwa kwa basi, na nilipoifungua nikashukuru Mungu kwamba nimemaliza. Wiki mbili baadaye, nikirudia kusoma masharti, ndipo nikaelewa kwamba barua ya mapendekezo lazima iandikwe na mtu anayekufahamu kitaaluma, naye aeleze anakufahamuje na anadhani utamudu masomo hayo kwa nini. Ofisi ya usajili haiwezi kueleza hayo. Kama umeshika barua inayoanza na "Kwa yeyote anayehusika", na ndani hamna hata jambo moja ulilolifanya, hiyo siyo barua unayoombwa.

Zilikuwa zimebaki siku kama 20. Nikamkumbuka profesa aliyetufundisha mwaka wa pili. Jina lake linafahamika, na kwenye somo lake nilipata A. Tulikuwa zaidi ya 200 ukumbini, na kwa muhula mzima sikuwahi kumwuliza swali wala kuingia ofisini kwake. Namba yake niliipata kwa aliyekuwa kiongozi wa darasa letu, nikamtumia ujumbe huu kwenye WhatsApp, ambao bado ninao:

"Shikamoo Prof. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani. Naomba barua ya rekomendesheni ya skolashipu. Dedilaini ni karibu. Asante."

Usome kama wewe ndiye profesa. Mwanafunzi yupi? Wa mwaka gani? Skolashipu ya nini, wapi, inafungwa lini? Barua aitume kwa nani? Sikuweka hata jina langu. Alama mbili za bluu zilitokea jioni ileile, na jibu halikuja. Nilikaa siku tisa nikiamini amenidharau. Sasa naona nilikuwa nimempa mtu mwenye kazi nyingi kitendawili, na aliposhindwa kukitegua nikamkasirikia.

Siku ya kumi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Nauli ya kwenda na kurudi, gesti ya usiku mbili na bodaboda za kuzunguka vilinikata zaidi ya laki moja, nje ya siku mbili za likizo. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Katibu muhtasi wake alinionea huruma, akaniingiza.

Profesa alinipokea vizuri. Aliniuliza natokea wapi, nafanya kazi gani, akaitazama transkripti yangu. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile: "Una uhakika mimi ndiye ninayekufahamu kuliko walimu wako wengine?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya bila hata kufikiri, kwa sababu nilikuwa nimefunga safari kwa ajili ya cheo chake. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kaandike uniletee, nitasaini."

Wengi mnaosoma haya mmeambiwa hivyohivyo. Nilirudi gesti, nikafungua barua niliyokuwa nimeshaiandika kwa kunakili sampuli ya intaneti, nikabadilisha jina. "Ni mwanafunzi mwenye bidii, mwaminifu, anayejituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Ya meneja wangu nayo ilisema nina bidii, ni mwaminifu, najituma. Nilipoziweka pamoja mwaka mmoja baadaye niliona aibu. Aya zilikuwa na urefu uleule, na zote mbili zilimalizia kwa sentensi moja. Msomaji yeyote makini angejua kwamba mkono ulioandika ni mmoja. Februari 2022 nikapokea barua pepe ya kunishukuru kwa kuomba na kunijulisha kwamba sikuchaguliwa.

Kuhusu hili la kujiandikia, nasema wazi ninavyoliona. Siwalaumu walimu. Mhadhiri mwenye madarasa matatu makubwa, tasnifu 15 za kusimamia na mitihani ya kusahihisha hana saa mbili za bure kwa mtu asiyemkumbuka. Lakini ukikubali kuiandika barua yote, unapoteza kitu pekee kilichokuwa na thamani humo, yaani jicho la mtu mwingine. Na baadhi ya mifumo ya maombi humtaka mdhamini, yaani yule anayekuandikia barua, athibitishe kwamba maneno ni yake. Ukiandika wewe na yeye akathibitisha, mmeingia wote wawili kwenye uongo. Ukiambiwa "andika uniletee", jibu ninalolitumia sasa ni hili: "Asante sana Mwalimu. Nikuletee vidokezo vyote na tarehe, ili iwe rahisi kwako kuandika kwa maneno yako?" Kila niliyemjibu hivyo alikubali, na mmoja alionekana kupumua.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo nimesita kuliandika. Nilipokuwa Dar kwa siku zile mbili nilimwendea pia mhadhiri mwingine, nikiwaza kupata barua ya akiba. Alisema hana shida, atanisaidia, ila tukutane saa moja jioni kwenye hoteli moja Sinza "tuongee kwa utulivu". Niliposema kwamba ninaweza kumsubiri palepale ofisini hadi amalize kazi, uso ulibadilika, akaniambia basi nikatafute mwingine. Niliondoka nikitetemeka, na kwa miezi sikumwambia mtu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Dada zangu, na kaka pia, barua huombwa na kutolewa ofisini, mchana, au kwa barua pepe. Anayedai kitu kingine ili akuandikie anavunja sheria: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono waziwazi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Hifadhi ujumbe alioutuma. Mwambie mtu siku hiyohiyo. Natamani ningefanya hivyo.

Baada ya kukosa sikutaka kusikia habari za masomo kwa miezi kadhaa. Aliyenirudisha ni dada mmoja ofisini, mkubwa kwangu, aliyekuwa amesoma Uholanzi. Aliomba kuziona zile barua. Alizisoma akakaa kimya, kisha akauliza: "Chuoni, nani alikuona ukifanya kazi?" Hakuuliza nani alinifundisha. Nikajikuta namsimulia habari ya visima.

Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kuhusu naitreti, kemikali inayoweza kuvuja kutoka vyooni na kuingia majini, kwenye visima vifupi vya Vingunguti, Dar es Salaam, mahali ambapo vyoo vya shimo na visima vimepakana kiasi kwamba mtu anaweza kuchota maji akiwa amesimama kwenye kivuli cha choo. Kiwango cha juu kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na nilitaka kujua visima 18 vya mtaa ule viko wapi kwenye kipimo hicho. Msimamizi wangu alikuwa mhadhiri msaidizi, kijana bado, ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye uzamili. Siku ya kwanza ya kuchukua sampuli nilisahau kununua barafu ya kuweka kwenye boksi. Sampuli za namna hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi na kupimwa ndani ya siku mbili. Zangu zilishinda juani hadi jioni. Maabara wangezipima tu, hakuna ambaye angejua. Usiku sikulala, na asubuhi nikamfuata nikamweleza ukweli. Aliniambia, "Unajua la kufanya." Nikarudi visima vyote 18 kwa hela ya bumu, yaani mkopo wa kujikimu, iliyobaki, na mara ya pili alikuja mwenyewe, tukazunguka mitaa ile kutwa nzima, yeye akiandika namba za chupa.

Dada yule akaniuliza mbona sikumwomba huyo. Nilikuwa na sababu mbili, na zote hazikuwa na msingi. Ya kwanza, hakuwa profesa wala daktari. Ya pili ndiyo iliyonikaba hasa: nilikuwa sijamsalimu tangu nimalize chuo. Miaka minne. Ningeanzaje kumtafuta leo kwa sababu nina shida? Kwetu mtu anayekukumbuka akiwa na shida tu ana jina lake, na sikutaka kuitwa hivyo.

Nilimtafuta hata hivyo, nikiwa na miezi mitatu mkononi. Nilikuta yuko Sweden anasoma uzamivu. Nikamwandikia barua pepe, na kwa kuwa watu huniomba niwaonyeshe, naiweka hapa kama ilivyokuwa, bila majina:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni yule mwanafunzi wa visima vya Vingunguti, mwaka 2018, aliyerudia sampuli zote 18 baada ya kuzikosesha barafu. Naomba radhi kwamba nimekaa kimya muda mrefu. Tangu 2019 niko Dodoma kwenye mradi wa maji vijijini, na mengi ninayofanya kwenye upimaji nilijifunza kwako. Mwaka huu naomba ufadhili wa DAAD kusoma uzamili wa rasilimali za maji. Mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 30 Septemba. Wanahitaji barua moja ya mwalimu aliyeniona nikifanya utafiti, na wewe ndiye uliyeniona. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri? Ukiona muda hauruhusu, au umesahau mengi, nitaelewa kabisa. Ukikubali, nitakutumia kila kitu kwa mara moja."

Lile swali la "unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri" nilifundishwa na dada yule, na ningependa kila mwanafunzi alishike. Linampa mwalimu mlango wa kutokea kwa heshima. Barua ya mtu aliyeshindwa kukataa huwa fupi na ya baridi, na wasomaji wa kamati wameziona nyingi. Mwaka uleule nilimwuliza hivyo mhadhiri mwingine, mama mmoja aliyenifundisha takwimu, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nakukumbuka sura, kazi yako siikumbuki. Nitakuharibia." Niliumia siku moja. Siku ya pili nikamshukuru, na nilimaanisha, kwa sababu aliniambia mapema, nikiwa bado na muda wa kumwendea mwingine.

Msimamizi wangu alijibu baada ya siku mbili. Alikumbuka visima, alimkumbuka hata mama aliyetupa chai, lakini takwimu hakuzikumbuka. Akaomba nimtumie tasnifu. Nilimtumia faili moja tu, PDF, ndani yake mna transkripti, wasifu wangu wa kurasa mbili, rasimu ya barua ya nia, maelezo ya kozi, muhtasari wa tasnifu, na ukurasa mmoja niliouita "Mambo tuliyofanya pamoja", wenye tarehe. Mwanzoni kabisa niliweka jedwali dogo: kozi, tarehe ya mwisho, barua inatumwaje, inahitaji muhuri au la. Msimfanye mwalimu afungue viambatisho tisa vyenye majina kama "scan0003". Na msimtumie rasimu ya barua ya nia ikiwa imejaa makosa, kwa sababu ataisoma, na ndiyo itakayomwambia wewe wa leo ni nani.

Tatizo lilikuja kwenye nembo na muhuri. Alikuwa bado mwajiriwa wa chuo, ila yuko masomoni, na muhuri uko Dar. Ilibidi aandike, amtumie Mkuu wa Idara, ichapishwe kwenye karatasi ya chuo, igongwe muhuri, iskaniwe. Safari hiyo ya karatasi moja ilichukua wiki tatu na siku kadhaa. Kama ningeanza na siku 20 zangu za mwaka uliotangulia, nisingeweza. Mimi sasa nawaambia watu wiki nane. Wiki sita zinatosha kama mwalimu yuko chuoni na si kipindi cha kusahihisha mitihani. Chini ya wiki tatu unamwomba mtu aache kazi zake kwa sababu ya uzembe wako, na ni vizuri umwambie hivyo kwa unyenyekevu.

Kumkumbusha ndiko kulikonitesa kuliko yote. Tumelelewa kwamba mkubwa hasukumwi. Ukishamwomba, unanyamaza, unasubiri. Nilikuwa nafungua barua pepe mara 20 kwa siku na kushindwa kuandika mistari miwili. Mwishoni nilimpigia mama yangu, nikamweleza. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Akaniambia kwamba miaka yote aliyofundisha, waliomuudhi si waliomkumbusha. Ni wale waliokuja siku ya mwisho wakilia. Nikaandika: "Mwalimu, shikamoo. Nakujulisha tu kwamba zimebaki siku 14. Upande wangu kila kitu kiko tayari. Kuna chochote nikuongezee?" Alijibu ndani ya saa moja kwamba alikuwa ameiandika na kusahau kuituma. Tangu hapo nakumbusha wiki mbili kabla, kisha siku tano kabla, na kila ujumbe unabeba kitu: tarehe, kiungo, au habari kwamba sehemu nyingine imekamilika. Bila "mbona" wala "bado".

Kwa meneja wangu nilifanya vivyo hivyo. Badala ya kumpelekea barua ya kusaini, nilikaa naye nusu saa nikamkumbusha kijiji ambacho kamati ya maji ilikuwa imevunjika na nilivyokaa nao hadi mita zikasomwa tena. Akaandika mwenyewe. Kiingereza chake si cha vitabuni, na aliniuliza kama airekebishe. Nilimwomba aiache.

Mwaka huo niliomba pia vyuo viwili vya Uingereza, na huko utaratibu ulikuwa tofauti: unaandika anwani ya mdhamini kwenye mfumo, mfumo unamtumia kiungo, yeye anapakia barua bila wewe kuiona. Nilijifunza mambo kwa kuumia. Moja ya mifumo hiyo ilikataa anwani ya Gmail, ikataka ya chuo, na anwani ya chuo ya mwalimu wangu ilikuwa imejaa, haipokei kitu. Kiungo kingine kiliangukia kwenye barua taka na kukaa humo siku 11. Siku hizi nikishatuma kiungo namwandikia mwalimu palepale, "Utapata barua pepe kutoka kwa chuo fulani, yenye kichwa hiki, isipoonekana, angalia kwenye taka." Huwa nafanya hivyo hata kama najua ataiona.

Kuna na suala la saa. Mwisho wa maombi ukiandikwa 23:59 kwa saa za Ujerumani, kwetu ni saa sita na dakika 59 usiku katika majira yao ya joto, na saa saba na dakika 59 usiku baada ya wao kurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Lakini mwalimu usimwandikie hesabu hizo. Mpe tarehe iliyo siku tatu kabla, uiite hiyo ndiyo yako.

Wale mnaoomba Marekani mtakutana na kisanduku kinachouliza kama mnaachia haki ya kuisoma barua. Kinatokana na sheria yao ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake. Niliogopa nilipokiona kwa rafiki yangu, nikadhani ni mtego. Wengi huiachia, kwa sababu barua ambayo mwombaji hataiona huaminika zaidi. Na hapo ndipo unapojua kama umechagua mdhamini unayemwamini kweli, maana huwezi kumchungulia. Ufadhili wa Fulbright wa Marekani huhitaji barua tatu, ule wa Chevening wa Uingereza wadhamini wawili. Soma idadi mapema, kwa sababu kumpata wa tatu ndiyo kazi.

Zawadi msipeleke kabla. Najua kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, na nia inaweza kuwa safi kabisa, lakini mfuko wa mchele mezani kwa mwalimu kabla ya barua unamweka mahali pabaya, na wewe pia. Asante ina wakati wake.

Barua ya msimamizi wangu niliiona, kwa kuwa DAAD waliniruhusu kuipakia mwenyewe. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na robo. Haikusema popote kwamba nina bidii. Ilieleza mwanafunzi aliyeharibu sampuli, akaja kusema kabla hajaulizwa, akarudia kazi yote kwa gharama yake, na jinsi matokeo ya mara ya pili yalivyokuja kuwa na maana kwa sababu yangeweza kuaminika. Kisha akaandika udhaifu wangu: kwamba niko mzito kuomba msaada, na kwamba kwenye mazingira mapya nitahitaji kuhimizwa kuuliza. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, nikalia. Jambo nililoliona doa la tasnifu yangu ndilo alilolichagua. Na udhaifu alioutaja ndio ulionifanya nimkimbie miaka minne.

Majibu yalitoka mwaka 2023. Nilimpigia mama, halafu nikawaandikia wote waliohusika: msimamizi wangu, meneja, Mkuu wa Idara aliyegonga muhuri, katibu aliyeskani, mama wa takwimu aliyekataa. Yule profesa pia nilimwandikia, nikamweleza ukweli kwamba siku ile alipouliza swali lake sikumjibu kwa uaminifu. Alijibu kwa mstari mmoja, hongera, na kwamba anakumbuka nilikaa benchi muda mrefu. Ninajua watu waliopata na wasirudi kusema, na waliokosa wakaona haya kusema. Semeni, mmepata au mmekosa. Mwalimu aliyeandika barua mbili zisizojibiwa huandika ya tatu kwa shingo upande, na ya tatu inaweza kuwa ya mdogo wako.

Msimamizi wangu alijibu usiku uleule kutoka Sweden. Hongera ilikuwa ya maneno matatu. Chini yake aliuliza kama faili la matokeo ya visima vya Vingunguti bado ninalo, lile lenye namba za chupa, kwa sababu kuna mwanafunzi chuoni anataka kurudi kwenye visima vilevile. Nililitafuta kwenye flashi ya zamani hadi saa tisa usiku. Lilikuwepo. Nikamtumia, na safari hii nikaandika na jina langu kamili chini.